Jina Tulilomwekea Guka

Kila Jumamosi kwenye maduka ya Blacktown nilikuwa nikiwageuza watu shingo. Mwanangu akinitoroka katikati ya rafu za mchele, nilipaza sauti, "Guka! Guka, rudi hapa!" Guka ni babu kwa Kikuyu, na Wakikuyu hawakosekani Blacktown. Walimtafuta kwa macho mzee aliyepotea, wakaishia kuona mtoto mwenye kamasi amekumbatia pakiti ya biskuti. Mama mmoja wa kanisani kwetu alinishika mkono akaniuliza, kwani huyu mtoto hana jina? Nikamwambia analo, tena zuri kuliko la mtu yeyote aliyemo humu dukani, ila bado hatujaruhusiwa kulitumia. Akabaki mdomo wazi, nami nikamwacha hivyo hivyo. Mimi si mtu wa kueleza mambo ya nyumbani kwangu mbele ya friji za dukani.

Mume wangu ni Mwaborijini, mmoja wa wenyeji wa asili wa huku. Wazee wake walikuwa katika nchi hii kabla meli yoyote ya Wazungu haijatia nanga. Ukoo wao unatoka mbali, kaskazini, ingawa yeye mwenyewe alizaliwa na kulelewa Rooty Hill, karibu na stesheni. Mimi nilitoka Nyeri nikaja kusomea uuguzi, nikabaki. Tulipooana, Wakenya waliniuliza watoto watakuwa nani. Wazungu kazini waliniuliza hilo hilo kwa adabu zaidi. Jibu langu halijabadilika: watakuwa Wakikuyu na watakuwa Waaborijini, kamili huku na kamili kule, na asiyeridhika akae na kutoridhika kwake.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Hilo halina mjadala. Ndivyo mtu anavyorudi nyumbani: babu akishaondoka, jina lake linaendelea kusikika uani, linatumwa maji, linagombezwa, linaitwa kuja kula. Baba mkwe alifurahi sana nilipomweleza. Kisha, mimba ikiwa ya miezi saba, moyo wake ukagoma asubuhi moja akiwa anamwagilia nyanya zake.

Mama yangu alikuwa ameshawasili kutoka Nyeri kuja kunisaidia na uzazi. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na hajawahi kuona mkusanyiko wa watu asiuhutubie. Nilimweleza mapema kwamba katika familia ya mume wangu, mtu akifa jina lake halitajwi na picha zake huondolewa ukutani, mpaka muda upite na walio karibu naye waseme basi. Si Waaborijini wote wanaoishika desturi hiyo siku hizi, lakini hawa wanaishika. Ukimtaja, unamsumbua asipumzike, na walio hai unawachoma moyo. Mama aliitikia kwa kichwa. Nikaamini ameelewa.

Tulipotoka makaburini tulikusanyika nyumbani kwa mama mkwe wangu, ambaye kila mtu humwita Nan. Watu walikuwa wakila kimya kimya. Mama akaweka sahani chini, akasimama, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa. Kwetu msiba bila hotuba si msiba.

"Praise the Lord," akaanza.

Alitoa pole kwa niaba ya ukoo wetu, na akaitoa vizuri kabisa. Kisha akaninyooshea kidole tumboni, akalitaja jina. Alilitaja lote, kwa sauti ya darasani, mara tatu.

"He is not gone," akasema. "He is here. He is coming."

Hakuna aliyetafuna tena. Nan aliweka kikombe mezani, akatoka kwa mlango wa jikoni, na dada zake wakamfuata. Mume wangu aliinamisha kichwa akalitazama zulia. Nikamvuta Mama kwa gauni mpaka akaketi.

Ndani ya gari nilimgeukia kabla hajafunga mkanda.

"Mum, nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisimtaje marehemu."

"Na ukamtaja!"

"Sikumtaja marehemu. Nilimtaja mtoto. Kwani mtoto amekufa?"

Hilo ndilo lililonikera zaidi. Kwa sheria za Nyeri, alikuwa sahihi.

Siku chache baadaye mume wangu alirudi kutoka kwa mama yake, akaketi ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu. Nan alikuwa amesema kwamba tukimpa mtoto jina hilo, hataweza kumwita. Hataweza hata kukaa katika nyumba ambamo mtoto anaitwa hivyo. Hakusema kwa hasira. Alisema huku akilia. Sebuleni, Mama naye alikuwa amesusia chakula. Alidai kwamba mtoto aliyenyimwa jina la babu yake ametupwa njiani, na kwamba yeye hatarudi Nyeri kuwaambia watu habari hiyo.

"I can't pick," mume wangu akasema. Sikumlaumu. Angechagua vipi?

Mimi niliona wazi kilichokuwa kinataka kupotea. Nan ndiye pekee aliyebaki wa kumpeleka mwanangu katika nchi ya babu yake, akamwonyesha nani ni shangazi na nani ni binamu, na mahali pa kukanyaga na pa kutokanyaga. Bila Nan, angekuwa Mwaborijini wa makaratasi. Bila jina, kwa watu wangu angekuwa mgeni. Mimi sipendi kupewa nusu ya kitu nilichostahili chote, na sikuwa tayari kumzoesha mtoto tabia hiyo kabla hajazaliwa.

Jumamosi tulisonga mukimo, tukapika chapati, tukajaza chai kwenye thamosi, maana kwetu hakuna kwenda kuomba msamaha mikono mitupu. Nikamwendesha Mama hadi Rooty Hill na tumbo langu likigusa usukani. Nan alikuwa nyuma ya nyumba akianua nguo kwenye kamba. Alikunja shuka aliyoishika, kisha akavuta viti vya plastiki. Mama, nampa heshima yake, ndiye aliyeanza kuomba radhi, tena kwa maneno machache. Sijui aliyatoa wapi hayo machache.

Nan alikunywa chai mpaka nusu ya kikombe. Ndipo akatueleza.

"Serikali ilimchukua mzee wangu kwa mama yake akiwa mdogo," alisema. "Huko walikompeleka wakampa jina la kizungu. Jina lake mwenyewe alirudishiwa na shangazi yake akiwa mtu mzima, tumeshaoana. Mimi nililiita kila siku ili alizoee. Nikiita, anaitika. Miaka yote hiyo. Sasa nikiita nani ataitika?"

Mama alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Kisha akaanza kueleza kwa Kiingereza chake cha ubaoni, mimi nikimsaidia pale palipokwama. Alisema kwamba hata kwetu mjane hamwiti mjukuu aliyepewa jina la mumewe kwa jina hilo.

"Mama yangu alimwita mjukuu wake 'mume wangu'," alisema. "Mume wangu, nibebee kikapu. Mume wangu, leo umechafua suruali, umenitia aibu. Kijana alipooa, Mama akamtazama bibi harusi akasema, haya, nimeletewa mke mwenza."

Nan alimkazia macho. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka vibanio vya nguo vikamdondoka mapajani.

"Kwa hiyo mnataka kuniletea mume anayevaa nepi?"

"Na atakusumbua kuliko wa kwanza," Mama akajibu.

Pale pale, kati ya shuka zilizokauka na sahani ya chapati, walikubaliana. Mtoto atapewa jina, lakini litakaa kimya. Sote tutamwita Guka. Nan atamwita old man, na hiyo ni juu yake.

"Na siku ikifika, nitalisema mimi kwanza," Nan akaniambia. "Si wewe, bub, wala si baba yake." Bub ndivyo anavyomwita kila aliye mdogo kwake. Nikakubali. Mama naye akaapa, na kiapo chake amekishika, ingawa kwenye simu kutoka Nyeri mara nyingine alikohoa pale ambapo jina lingekaa.

Kulinda jina kimya si kazi ya lelemama. Mkunga alipotaka kusoma kwa sauti kibandiko cha kitanda cha mtoto, nilimzuia nikiwa bado sijashonwa. Mwalimu wa chekechea alinieleza habari za utaratibu wao. Nikamweleza za kwetu, tukaelewana upesi. Nan alikuwa akija kumchukua Guka wikendi, na likizo wakasafiri kaskazini kwa gari. Mtoto alirudi na majina ya mashangazi nisioweza kuwahesabu na mchanga mwekundu ndani ya masikio. Mtu akimuuliza ametoka wapi, humjibu, "From Nan and from Cucu," Cucu akiwa bibi yake wa Nyeri, kisha huendelea na mchezo wake. Sijawahi kumfundisha jibu hilo. Nilipolisikia mara ya kwanza nilijidai wiki nzima.

Mwaka huu, kabla hajaanza shule, tulikuwa kwa Nan siku ya joto. Mume wangu alikuwa anachoma soseji uani na mimi nakata vitunguu. Guka alikuwa kule mwisho, karibu na ua, akichimba shimo pamoja na mbwa. Nan alitoka na sahani mkononi, akasimama kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Halafu akalisema jina.

Kisu changu kikasimama. Mume wangu aliacha soseji zikaungua.

Mtoto aliendelea kuchimba. Angegeukaje? Tangu azaliwe hakuna aliyemwita hivyo. Niliuona uso wa Nan nikaogopa sana, kwa sababu hicho ndicho hasa alichokuwa akikihofia: ameliita, na hakuna aliyeitika. Nilitaka kupiga kelele, nimwambie mtoto geuka, ni wewe. Lakini zamu haikuwa yangu. Nikauma ulimi, na wanaonijua watakwambia jambo hilo si la kawaida.

Nan aliita tena, safari hii kwa nguvu, kwa sauti ya mwanamke anayemwita mume wake chakula kisipoe. Guka akainua kichwa. Akamtazama baba yake, akanitazama mimi, akatazama nyuma yake kwenye ua.

"Who's that, Nan?"

"Ni wewe, old man," akamwambia. "That's you."

Alifikiri kidogo. Akajifuta udongo kwenye kaptula, akasimama wima, akangoja. Nan akaliita mara ya tatu.

"Yes, Nan?" akaitika, akaja kula.