Hasira Niliyoitoa Mbele ya Kamera

Binti yangu aliposema anataka kutengeneza filamu ya familia inayogombana, nilimuuliza kama ameishiwa na mambo ya kutazama. Akasema itachekesha na kusikitisha pamoja. Nikamwambia achague moja. Hakuchagua. Watoto wa siku hizi hawachagui.

Waigizaji wa kuajiri hakuwa nao, kwa hivyo mama yake akawa mama, na kaka yake akawa mtoto anayerudi nyumbani. Baba sikuambiwa niwe mimi. Alileta mwalimu mstaafu kutoka Voi mjini, mtu wa mikono laini, akamkalisha kwenye kiti changu, mbele ya nyumba niliyoijenga kwa mawe niliyochimba mwenyewe hapa Ndara.

Siku mbili nilikaa pembeni nikitazama. Mwalimu alifoka kama mtu anayesoma matangazo kanisani. Jembe alilishika kama nyoka.

"Baba gani huyo?" nikamuuliza mke wangu.

"Baba mzuri. Huyu akiambiwa anyamaze, ananyamaza."

Lakini niseme wazi: kilichoniuma si mwalimu. Mimi na kijana wangu, huyo aliyeigiza mtoto, tulikuwa hatujaongea miaka minne. Kwenye kikao cha mpaka wa shamba, nilipopewa karatasi nitie sahihi, kijana aliinuka mbele ya chifu na majirani akasema, "Msimpe mzee, hajui kusoma." Ni kweli niliacha shule darasa la tatu. Lakini yeye alisoma mpaka chuo kwa mgongo wangu huu. Tangu siku hiyo nikikutana naye barabarani, nahama upande.

Siku ya tatu ikafika sehemu ya baba kumsamehe mtoto kwa kutasa. Kwa wasio Wadawida, yaani sisi Wataita: mwenye hasira hutaja kwanza kilichomkera, kisha hutia funda la maji mdomoni na kulirusha nje, akimtakia mema aliyemkosea. Hasira hutoka na maji. Ila lazima iwe kweli. Ukitasa huku umebakisha kitu moyoni, unamletea mwenzako ugonjwa. Ndivyo tulivyolelewa.

Mwalimu akatia funda kutoka kwenye kibuyu, akatema. Maji yakamwishia kidevuni. "Rudia," binti akasema. Akatema kwenye viatu vya kijana wangu. Mara ya nne uvumilivu ukanishinda.

"Lete hicho kibuyu."

"Baba, tulia, hii ni filamu tu."

"Na maji ni ya filamu, au ni ya tangi langu?"

Niliposimama mbele ya kijana na kibuyu mkononi ndipo nikauona ujinga wangu. Nikitasa uongo, nitamdhuru mtoto wangu. Nikimrudishia mwalimu kibuyu, nitachekwa. Mke wangu alikuwa amejiziba mdomo kwa leso, na sikujua kama analia au anacheka.

Basi nikasema. "Ulisimama mbele ya chifu ukasema sijui kusoma. Niliona haya mpaka nikashindwa kuinua macho. Nyumba uliyokulia sikuisoma popote. Niliijenga."

Hayo hayakuwa kwenye karatasi za binti. Kijana naye akasahau ya kwake.

"Baba, ile karatasi ilikuwa inakata shamba. Waliandika mpaka upite kwenye migomba yako. Niliogopa utatia sahihi."

"Si ungeninong'oneza?"

"Wewe? Ninong'oneze, usikie?"

Majirani waliokuja kutazama wakaangua kicheko. Nikatia funda mdomoni, nikalirusha chini mbele yake. "Utembee salama. Uzae. Moto usizimike jikoni kwako." Akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Baba, umeweza!" binti akapiga kelele. "Sasa turudie, lori limepita likaharibu sauti."

"Turudie nini?"

"Hasira. Yote, kuanzia kwa chifu."

Nikamwambia haipo, imetoka. Akanibembeleza, akasema ndiyo sehemu bora ya filamu nzima. Nilijaribu kwa ajili yake, nasema kweli. Nilimkazia kijana macho nikiitafuta pale ilipokuwa, lakini nikaona tu kwamba amekonda, na shati lake limekatika kifungo.

Nikamwambia mama yao apakue chakula, huyu mtoto hajala. Binti akasema jua litapotea. Nikamwambia kesho lipo. Akakaa juu ya sanduku la kamera, amenuna, na sisi tukala.