Flashi Iliyokataa Kufutwa

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuitii kompyuta kabla ya kumuuliza mwenye kitu. Nilikuwa na miezi minne kwenye kibanda nilichogawana na kinyozi hapa mjini Kakamega, na ufundi wote nilikuwa nimejifunza mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu.

Mama mmoja wa Iguhu aliniletea flashi aliyoifunga kwenye pindo la leso.

"Kwa redio haisomi," alisema. "Kwa kompyuta ya mwalimu inasemanga ifomatiwe. Nitengenezee, mwanangu. Jumamosi naihitaji."

Akaenda sokoni. Nikaichomeka, kompyuta ikaniuliza kama niifomati, yaani nifute kila kilichomo, nikakubali. Flashi ikakataa: imefungwa, haiandikiki. Nikajaribu amri zote nilizozijua. Ikakataa.

"Fundi, leo umepata mwenzako?" kinyozi aliuliza, mashine ikiwa kichwani mwa mteja. Mteja akacheka.

Mimi hupanga hata skrubu kwa ukubwa. Sivumilii kushindwa mbele ya watu. Nikatafuta programu ya kiwandani, ile inayoirudisha flashi kama ilivyozaliwa, nikaiendesha mara tatu mpaka ikakubali. Flashi ikafunguka safi, tupu. Nikaifuta vumbi kwa spiriti. Nilijisikia bingwa.

Mama aliporudi alivuta kiti. "Haya, iweke nisikie."

"Usikie nini, mama?"

"Sauti ya mzee."

Mumewe alikuwa amezikwa juzi yake. Jumamosi ilikuwa siku ya kunyoa nywele, siku ambayo ukoo hukaa uwanjani kusema mali ya marehemu inabaki kwa nani. Hawakujaliwa watoto. Mzee alikuwa amerekodiwa kitandani akisema nyumba na shamba la miwa ni vya mke wake, asisumbuliwe. Simu iliyomrekodi ilikuwa imeibiwa. Sauti ilibaki kwenye flashi hiyo peke yake.

Ningeweza kusema ukweli. Nilisema, "Mama, ilikuwa imeshakufa. Sikukuta kitu."

Aliitazama kiganjani. "Basi si wewe," akasema. "Asante kwa kujaribu." Akaifunga tena kwenye leso.

Baadaye nilisoma kwamba flashi inayochakaa mara nyingine hujifunga yenyewe isiandikwe, na kilichomo bado kinaweza kutolewa kwa subira. Ile haikuwa ikinidharau. Ilikuwa imemshikilia mzee, nami nikaivunja vidole kimoja kimoja kwa sababu kinyozi alikuwa ananitazama.

Jirani wa mama yule alikuja kutengeneza simu mwezi uliofuata, akanisimulia. Mama alisimama mbele ya ukoo akasema kulikuwa na sauti. Shemeji yake akamuuliza, "Iko wapi tuisikie?" Miwa ile ilikatwa na wengine, naye akarudi kwa kaka yake huko Matete. Najua njia ya kwenda Matete. Sijaenda kumwambia kwamba ni mimi, na kila nikijiambia nitaenda wiki ijayo najua nadanganya tena.

Siku hizi mtu akinipa flashi, namuuliza kwanza ndani mna nini, kisha natoa nakala kabla ya kugusa kitu kingine. Kinyozi akinitania, namwacha aseme.