Fuko Atafuta Maji Chini ya Ziwa la Kale

Jua halijavuka ukingo wa milima, lakini Fuko tayari yuko chini ya ardhi. Juu, mumewe anavuta kamba. Ndoo inapanda na tope jeupe lililojaa magamba madogo ya konokono.

Fuko ni jina la utani. Mwanamke huyu wa miaka arobaini na mitano huchimba visima kwa sururu na koleo, na hulipwa kwa mita. Wiki hii halipwi kitu, maana anamchimbia mama yake mzazi.

Mama anaishi peke yake katikati ya bonde, na kuteka maji ni mwendo wa saa mbili. Kaka yake Fuko ameshasema: maji yasipopatikana, Jumamosi anakuja na gari kumhamishia mama kwake.

Kisima cha kwanza Fuko alikichimba chini ya mlima, kwa kuwa nyasi za huko zilikuwa za kijani. Akagonga mwamba. Haraka haraka haina baraka. Akahamia katikati, na mama akakubali shamba lake la maharage lifukuliwe.

Mtaalamu wa miamba aliyewahi kumwajiri alimweleza bonde lilivyozaliwa, na Fuko husimulia hayo polepole, kama anayembembeleza mtoto alale. Ardhi ilivutwa huku na huku hata katikati ikadidimia kama godoro kuukuu. Mito ikamwaga matope humo, na uzito wake ukaizamisha ardhi zaidi. Ziwa likatuama, miaka mingi, kisha likakauka. Bonde bado linashuka hadi leo, ila hatulisikii.

"Nikiwa kule chini naona samaki wanapita juu ya kichwa changu," anasema. "Nawapisha."

Anaamini chini ya tope hilo umelala mchanga wa mto uliotangulia ziwa, na mchanga hutunza maji.

Adhuhuri inapokaribia, ndoo inapanda nzito. Mumewe anaufinya mchanga, na maji yanamchuruzika vidoleni. Fuko anapanda ngazi, anaketi kwenye kifusi na kulia bila kujificha.

Mama, aliyeshinda hapo tangu asubuhi, anauliza maji hayo ni ya nani. Ni ya mvua zilizonyesha kabla hatujazaliwa, Fuko anamjibu. Anapanga kujengea kuta za kisima kwa matofali kabla mvua nyingine hazijaanza.

Mama anachovya kidole, anaonja.

"Mpigie kaka yako," anasema. "Mwambie Jumamosi aje, ila asije kunichukua. Aje anywe maji."