Kitenge cha Jirani

Jirani yangu wa mtaa wa Pasiansi hukaanga maandazi mlangoni kwake, na sauti yake humwita mteja aliye ng'ambo ya barabara. Jioni ya kusoma mashairi, kwenye ukumbi wa maonyesho ya sanaa, aliketi mbele kimya, akijikung'uta unga usiokuwepo. Niliposimama kusoma shairi langu, sauti ikaanza kunitetemeka. Akainuka katikati ya ubeti, akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akanivika mabegani kama tunavyowatunza waimbaji harusini.

"Anza upya, mwanangu. Wa nyuma hawajasikia."

Nilisoma mpaka kuta zikaitikia. Kila mshairi aliyenifuata alimaliza akimtupia jicho yeye. Lakini kitenge kilikuwa kimoja, na nilikuwa nimekivaa mimi.