Mama Chebet Alitembea Jumanne

Sijaisahau asubuhi ile ya Sosiot, mwanangu. Kesho unaanza utafiti na mwalimu wako, na afadhali uisikie kwangu kabla hujashika kalamu.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nikisomea jinsi mwili unavyotembea na kuinama, na nilijiona mjuaji kweli kweli. Mhadhiri wangu, Dakta Achieng, alinichagua kati ya darasa zima nimsaidie kupima mwendo wa wachuma chai. Niliwafuata wakulima makwao, wakatembea kati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, nami nahesabu hatua. Mmoja wao alikuwa Mama Chebet, aliyechechemea mguu wa kulia.

Jumanne moja mvua ilinyesha na njia ya kwake ikawa utelezi mtupu. Nikabaki chumbani, nikajaza fomu yake kwa kubuni. Hata nafuu ya mguu nikampa, ili kazi yangu ipendeze.

Dakta alifurahi. "Ni huyu peke yake amepata nafuu. Twende tumwone."

Tulifika Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, saa nne asubuhi, ukungu umelala juu ya chai. Uani palikuwa na viti vya kukodi na kaburi bichi. Mumewe, Mzee Joseah, akatuambia kwa upole kwamba walimzika Jumamosi, siku tatu kabla ya ile Jumanne yangu. Dakta akaitazama fomu mkononi mwake. Mzee naye akaichukua, akaisoma.

"Hii ni jina yake," akasema. "Jumanne? Basi ni kweli. Tangu tuzike yeye nasikia mtu anatembea huko kwa chai, watoto wanasema nimechanganyikiwa. Wewe uliona yeye? Alikuwa anatembea aje?"

Na sitakudanganya, mwanangu: wakati ule ule, ndani ya ukungu, majani ya chai yalichakacha polepole, hatua moja nzito, moja nyepesi. Dakta pia aligeuka. Hatukuona mtu.

Ningeweza kusema ndiyo. Mzee alikuwa akiniomba kwa macho niseme ndiyo.

"Sikumwona, Mzee. Sikuja. Niliandika uongo."

Alikaa kwenye kiti kimoja, akaikunja ile fomu vizuri, akanirudishia.

"Ulikuwa umenipatia yeye," akasema. "Sasa umechukua tena."

Dakta aliniondoa kwenye utafiti siku hiyo hiyo, na nilistahili. Lakini kilichonitesa miaka yote si hicho. Ni uso wa yule mzee.

Kwa hiyo nisikilize. Siku usipokwenda, andika kwamba hukwenda. Ukikosea, mwambie mwalimu wako mapema, hata kama utatetemeka. Kazi yake ni kukufundisha, naye alishakosea kabla yako. Hizo namba zako ni watu, na wana watu wao wanaowalilia. Mungu ayalinde macho yako na mkono wako, mwanangu, na popote utakapopima mtu, wa nyumbani kwake wafurahi kwamba ulifika.