Sura ya tisa ya Dokta Victoire

Saa moja asubuhi. Ukungu bado umelala juu ya mabati ya Butembo, na pikipiki inaingia katika uwanja wa kituo cha afya ikiwa na watu watatu: dereva mbele, mwanamke mwenye mimba katikati, na dada yake nyuma akimshikilia asianguke. Wametoka Kalunguta. Uchungu ulianza jana.

Dokta Victoire Kahongya anatoka mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Hamwulizi mgonjwa jina, wala kijiji, wala kama ana karatasi. Anapiga goti palepale vumbini na kuuliza swali lake la kwanza, lilelile analowauliza wote.

"Mama, mutoto alicheza mara ya mwisho saa ngapi?"

"Sasa hivi, mu njia," anajibu mwanamke huyo, Solange, akiwa amebana meno. "Alinipiga teke mpaka nikalia."

"Basi iko muzuri. Mwenye kupiga teke, iko anatuita. Twende."

Kikombe kinabaki juu ya ukuta. Chai inapokuwa imepoa kabisa, Solange ameshapasuliwa na kupata mtoto wa kiume wa kilo tatu na kitu, mwenye sauti ya muuza makayabu, samaki wa chumvi, sokoni.

"Jina yake?" anauliza dokta.

"Kakule."

Kwa Wanande jina huhesabiwa kabla ya kuchaguliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Anayekufa huondoka na nafasi yake, hapewi mwingine. Kwa hiyo dokta hana haja ya kufungua fishi, kadi ya mgonjwa, kujua kwamba huyu ni mvulana wa nne.

"Na ku nyumba, bavulana biko bangapi?"

"Moja tu," anasema Solange, na kutazama ukutani.

Dokta anamshika mkono na kukaa naye kitambo. Katika kazi yangu ya uandishi nimewaona madaktari wengi, na wengi wao wakati huo wangekuwa wameshanawa mikono na kuondoka.

Victoire ana miaka arobaini na saba. Ni mwanamke wa kwanza kushika kisu cha upasuaji katika kituo hiki, na msichana wa kwanza wa kilima chao, juu ya Masereka, kuwa daktari. Amekuwa hapa miaka kumi na tisa, na kwa hesabu yake amewapasua akina mama zaidi ya elfu mbili. Mwezi mzuri hupata prime, yaani marupurupu, ya dola mia na themanini. Mwezi mbaya, anasema, hupata "wasingya" nyingi na debe la viazi. Wasingya ni asante ya Kinande, na haijawahi kulipa ada ya shule.

Miaka ya mwanzo, ndugu wa wagonjwa walimpita kwenye korido wakimwita masère, yaani sista, na kumwuliza docta anafika saa ngapi. Nasiba, muuguzi wa usingizi, binti wa wafanyabiashara wa Beni, anakikumbuka kisa kimoja na kucheka mpaka anashika mlango.

"Kulikuwa papa moja, muzee wa Alimbongo," anasimulia Nasiba. "Akasema yeye atangojea docta mwanaume. Victoire akamwambia, sawa papa, ngojea pale kwa benchi. Akaingia, akapasua muke yake, akatoa mapacha. Anatoka nje, papa angali anangojea docta!"

Lakini siku hizi, pale kituoni, Victoire anasifiwa kwa jambo jingine. Ameandika riwaya.

Iko katika madaftari matano ya shule yenye jalada la bluu, na imemchukua miaka sita. Ameiandika kwa Kiswahili. Kifaransa alikiacha makusudi. "Kwa Kifaransa wangesoma baprofesa," anasema. "Mimi nataka isomwe na ule mama wa Kalunguta."

Inamhusu msichana aitwaye Rébecca anayekulia kwenye kilima cha viazi na vitunguu. Analima kabla ya shule, anavaa kaptula ya kaka yake chini ya sketi kwa sababu ya baridi, anapigana na wavulana na mara nyingi anashindwa. Kila Jumatano alasiri Victoire huisoma kwa sauti katika nyumba ya kungojea, chumba kirefu nyuma ya kituo ambako akina mama wa mbali hukaa wiki zao za mwisho. Wanacheka, wanabisha, wanamwambia Rébecca asimwamini yule mvulana wa kinu. Mmoja alikataa kurudi kwao na mtoto wake mpaka ajue mwisho wa sura ya saba.

Shida iko katika sura ya tisa.

Humo Rébecca ana miaka tisa. Mama yake ana uchungu, mambo ni mabaya, na mtoto anatumwa kuita wabebaji wa kipoyi. Kipoyi ni machela ya mianzi na kamba. Wanaume hukibeba mabegani kwa zamu, kilima hadi kilima, mpaka hospitali. Kila nyumba hutoa mbebaji mmoja. Hakuna anayekataa, maana kesho atakayelala humo anaweza kuwa wa nyumba yako.

Siku hiyo wanaume wote wako katika uwanja wa shule kwa proclamation, pale matokeo ya mwaka yanaposomwa mbele ya wazazi. Rébecca anakatiza katikati ya uwanja mbio, anapiga kelele, directeur, mkuu wa shule, anafumba mdomo, wanaume wanaondoka wakikimbia. Kitoto kinakufa hata hivyo, lakini mama anaokolewa.

Mwezi uliopita alipoisoma sura hiyo, akina mama walipiga makofi. "Mutoto wa nguvu!" walisema. Victoire alifunga daftari, akaenda kujifungia kwenye famasia.

"Nilisikia haya," anasema. Tumekaa kwenye kibaraza cha kituo, na anaongea akitazama viatu vyake. "Sababu Rébecca njo mimi. Na mimi hapana kukimbia."

Mwaka ule wa 1987 alifika uwanjani akihema. Directeur alikuwa anasoma matokeo, akianzia mwaka wa sita na kushuka. Victoire alikuwa wa mwaka wa tatu. Wabebaji wote walikuwa pale, wamemzunguka, angeweza kumvuta yeyote shati.

"Nilijiambia, wakitaja tu jina yangu, nitasema. Donc nikasimama. Wakasoma mwaka wa sita, wa tano, wa ine. Kisha nikasikia: wa kwanza, Kahongya Victoire, quatre-vingt-quatre pour cent, makumi munane na ine kwa mia. Watu wakapiga makofi. Ile makofi nilifurahi nayo, unaelewa? Nilicheka. Njo kisha nikakumbuka mama."

Labda ilikuwa nusu saa. Labda saa nzima. Mtoto hana saa ya mkononi.

Alipofika nyumbani na wanaume, mtoto alikuwa tayari ametoka, bila kulia. Alikuwa mvulana. Kwa miaka thelathini na minane Victoire hajamwambia mtu. "Hata kwa padri niliizungukaka," anasema. Akawa daktari wa akina mama wanaozaa, na watu wakamsifu kwa wito. Yeye alijua wito huo ulitoka wapi.

Mpiga chapa anayangoja madaftari Jumatatu. Na nyumbani kwa Victoire, jikoni, yupo mtu anayeingoja sura ya tisa kwa hamu kuliko mpiga chapa: mama yake mzazi, Kasika, mwenye miaka sabini na tisa, ambaye mtaa wote unamwita Koko, yaani bibi. Alishuka kutoka Masereka vita vilipokaribia barabara ya Alimbongo, na sasa mama na binti wanalala nyumba moja kwa mara ya kwanza tangu Victoire aende shule ya bweni. Koko hajui kusoma. Ameshasomewa sura nane, naye amesahihisha bei ya kabichi mara mbili.

Victoire angeweza kuuacha uongo ulivyo. Ni riwaya, nani angemshitaki? Lakini ameziandika upya kurasa za sura hiyo, na anataka Koko azisikie kabla ya mtu mwingine yeyote. Anaogopa. Anasema waziwazi kwamba anaogopa kuliko alivyoogopa siku aliyoshika kisu mara ya kwanza.

"Akiniangalia na macho ingine, ile kitabu nitachoma," anasema. Kisha ananiomba nije Jumapili. "Nikiwa mwenyewe, najijua, nitaruka kurasa."

Jumapili, baada ya Misa ya pili, Koko Kasika ameketi jikoni na ungo wa maharagwe mapajani. Ni mwanamke mdogo, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi. Ananitazama mimi mgeni, anatazama kalamu yangu, na kuuliza kama huko kwetu hatuna maharagwe ya kuchambua. Mgeni anapewa sahani yake ya kuchambua.

Victoire anasoma. Sauti yake, ambayo nimeisikia ikitoa amri katika chumba cha upasuaji, inakuwa ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Anasoma uwanja, anasoma mwaka wa sita, wa tano, wa nne. Anasoma makofi. Haruki hata mstari. Koko anaendelea kuchambua. Mabovu huku, mazima kule.

Sura inakwisha.

"Umemaliza?" anauliza Koko.

"Nimemaliza, mama."

Koko anapepeta ungo taratibu na kupuliza maganda. "We njo docta," anasema. "Unaulizaka bamama bote mutoto alicheza lini. Nasikiaka unauliza hata mu telefone. Mimi haukuniuliza hata siku moja."

Victoire anafunga daftari.

"Niulize."

"Mama…" Anasogeza kigoda karibu na ungo. "Mutoto alicheza mara ya mwisho lini?"

"Siku mbili mbele ya ile siku. Nilienda kuchimba viazi, akageuka mara moja, kisha akanyamaza. Nilijua. Mama anajua. Na kipoyi hapana kuwa pale ku kilima, ilikuwa imebeba mutu ku Lubero tangu asubuhi; kaka yako Paluku nilimutuma kuingojea mu njia. Ile babaume, hata wangekuja mbio namna gani, wangenibeba mu nini?"

"Sasa mimi ulinituma juu ya nini?"

"Juu usione," anasema Koko. "Ulikuwa na miaka kenda, ulikuwa umesimama pale ku mulango na macho makubwa. Na ilikuwa siku ya proclamation. Nilijua utapita pale, nilijua utasimama. Nilitaka usikie jina yako. Siku ile nilitaka mutoto wangu moja asikie kitu ya muzuri."

Daktari aliyewapasua akina mama elfu mbili analaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake, juu ya ungo, na maharagwe yanamwagika sakafuni, mazima na mabovu. Koko anamwacha alie. Halafu anamgongagonga mgongoni, kama mtu anayemcheulisha mtoto, na kumwuliza kwa ukali kidogo nani ataanza kuyaokota yale maharagwe. Tuliyaokota sote watatu. Sioni aibu kusema kwamba mimi pia sikuwa ninaona vizuri.

Tukiwa bado magotini, Koko anakumbuka jambo.

"Mais ile kitabu yako iko na kosa moja. Umeandika 'kitoto'. Kitoto, kitoto. Iko na jina."

"Sikuthubutu, mama."

"Ku kilima walisema hapana kumuhesabia, sababu hakulia. Mimi nilikataa. Salomon, mudogo wako, alipozaliwa nyuma yake, wakataka kumuita Kambale. Nikasema hapana, Kambale alishapita, huyu ni Kasereka. Wote walinikasirikia. Sasa wewe unasoma fishi ya bamama ya watu, unahesabu batoto yao. Ya kwangu pia uhesabie."

Madaftari hayakufika kwa mpiga chapa Jumatatu. Yamefika Alhamisi, na sura ya tisa sasa ina kurasa tatu zaidi. Jumatano Victoire aliisoma katika nyumba ya kungojea, Koko akiwa ameketi kwenye kitanda cha mwisho kati ya akina mama wenye matumbo makubwa. Safari hii hawakupiga makofi. Solange, ambaye bado anauguza kidonda chake, alimleta Kakule na kumweka mikononi mwa Koko.

Victoire anapanga kuchapa nakala mia mbili kwa akiba yake. Kila mama atakayepita katika nyumba ya kungojea ataondoka na moja, na walioko njia ya Beni watapelekewa na Nasiba. Baadaye anataka kuandika kitabu cha pili, Rébecca akiwa mkubwa, na anaahidi kwamba safari hii bei ya kabichi ataiuliza kwanza.

Koko alikuwa na ombi moja tu. Kabla madaftari hayajaondoka nyumbani, aliomba aonyeshwe mahali jina lilipoandikwa. Victoire aliufungua ukurasa, akashika kidole cha mama yake, kigumu kwa jembe, na kukiweka juu ya neno. Koko alikipitisha polepole, herufi kwa herufi, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Kambale," alisema. "Kumbe iko murefu hivi."