Vifurushi Vilivyobaki Kwenye Diski

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilifundisha taipu na kompyuta katika chumba kilichokuwa juu ya duka la redio mjini Kisii. Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyezaliwa papo hapo mjini, alitupa chumba, stima na laini ya simu. Mwalimu mwenzangu, mtu mpole wa Nyamarambe, ndiye aliyenifundisha Linux, mfumo wa kompyuta usiolipiwa.

Jumapili, duka likiwa limefungwa, aliunganisha modemu na simu akapakua programu moja baada ya nyingine. Laini ilikatika mara kwa mara. Alianza tena bila kunung'unika.

Siku moja nilimwuliza, "Ukishasakinisha, hivi vifurushi vya programu huenda wapi?"

"Haviendi popote." Akanifungulia folda: /var/cache/apt/archives. "Apt, ile programu inayopakua na kusakinisha, huvihifadhi hapa kwanza, ndipo visakinishwe. Hubaki mpaka uamuru vifutwe. Usivifute, dada. Kuna wale wasichana wa Kebirigo."

Alikuwa amekiahidi chuo kidogo cha uhazili huko Kebirigo kompyuta ya kuandikia barua. Mashine yao alikwisha kuiwekea Linux tupu, bila programu za kuandikia, lakini chuo hakikuwa na simu ya kuzipakulia.

Mvua zilipoanza, kifua kilimbana mwalimu mwenzangu. Alilazwa, na hakutoka hospitalini akiwa hai. Tulimzika kwao Nyamarambe, kwenye tope. Mjane wake alinishika mkono akaniuliza kwa Ekegusii kama mumewe aliacha kazi yoyote nusunusu. Nikamwambia ipo moja, nitaimaliza mimi.

Niliporudi mjini, nguzo za simu zilikuwa zimeangushwa na mvua. Hatungeweza kupakua chochote. Nikamweleza mzee mwenye duka.

"Beba diski yenyewe, mwalimu," alisema. "Hata mimi nilimsikia akiahidi."

Akaleta bisibisi, akaifungua mashine yetu kwa mkono wake, akaitoa diski na kuizungushia kitambaa cha flana.

Kule Kebirigo niliiunganisha na mashine yao, nikafungua ile folda. Vifurushi vilikuwamo vyote. Ndani yake mlikuwa na folda nyingine ndogo, ya vile ambavyo havijakamilika kupakuliwa, na humo nikakuta faili moja. Aliianza Jumapili yake ya mwisho, laini ikakatika. Isingemfaa mtu yeyote. Nilikaa nikiitazama kwa muda, kisha nikaiacha ilivyo.

Vile vingine nilivisakinisha moja kwa moja kutoka kwenye diski, bila simu wala modemu. Alasiri msichana wa kwanza aliketi akaanza kuandika.

Mkuu wa chuo, mama wa makamo, aliniuliza, "Na yule mwalimu aliyetuahidi, mbona hakuja mwenyewe?"

Nikamweleza. Akawaomba wasichana wasimame kumkumbuka. Yule aliyekuwa kwenye kompyuta alinitazama, vidole bado viko juu ya kibodi, hajui aache au aendelee.

"Endelea tu," nikamwambia.